Wachumba wa Sufuria

Katika ukumbi wa sherehe wa chuo chetu, sufuria haikuwekwa motoni mpaka ipate mchumba. Sisemi kwa mafumbo. Shangazi Blanketi aliwapanga wapishi mstari mmoja, wanafunzi wote hao, wengine hawajawahi kupika kitu kigumu kuliko chai, akapita mbele yao na mwiko mkononi kama anayekagua gwaride.

"Huyu wa mchuzi, unamchukua?"

"Namchukua, Shangazi."

"Kwa moto mkubwa na kwa moto mdogo?"

"Kwa moto mkubwa na mdogo."

"Akichemka utakuwepo. Akitulia utakuwepo. Akipita yule unayemkodolea macho maktaba, bado utakuwepo."

"Nitakuwepo."

"Haya, mahari."

Mahari ilikuwa simu. Uliitia kwenye beseni, na beseni lilikaa chini ya kiti chake mpaka sufuria yako ishuke. Nimewaona watu wakitoa simu ile kwa uchungu ambao baba zao hawakuwa nao walipotoa ng'ombe. Baada ya mahari alikagua nywele, zifungwe; mikono ya nguo, ikunjwe; viatu, viwe vya kufunika vidole. Halafu kikaango kiligeuzwa mkono uelekee ukutani, ili mpita njia asikikumbe, na ndipo jiko likawashwa.

Tangu hapo ulikuwa mtu wa ndoa. Ukibanwa na haja, hukuondoka hivi hivi. Ulimwita mwenzio, akaja, akashika mkono wa sufuria nawe umeushika, mkawa wawili mmeshikilia sufuria moja kama wanaogombea urithi, ukasema, "Nakuachia," naye akasema, "Nimepokea." Hiyo ndiyo iliitwa talaka. Talaka ya kimyakimya haikutambulika. Na kugusa sufuria ya mwenzio bila kuachiwa ilikuwa fedheha kubwa kuliko kufeli mtihani, jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tumelizoea.

Nani huyu mwanamke aliyetufungisha ndoa na vyombo? Kazini aliitwa mtunza ukumbi. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti iliyofika kabla yake, na begani alibeba blanketi la sufu la rangi ya majivu, jua liwe kali namna gani. Mgeni alidhani anaumwa homa. Mwenyeji alijua.

Alianzia kwenye ufagio. Siku moja, enzi ambazo wanafunzi walipika ukumbini kila mtu kwa akili yake, wale wa sheria walikuwa wanakaanga kuku kando ya jukwaa. Mafuta yakashika moto, moto ukalitamani pazia. Yeye alikuwa anapita mlangoni na blanketi la nyumbani kwao, amelitoa kwa mdogo wake aliyefanya kazi ya kufua nguo hospitalini. Akalitupa juu ya kikaango, zima, na kuku na kila kitu. Moto ukafa hapohapo. Wanafunzi wa sheria wakampigia makofi, kisha wakabishana kama kuku bado analika.

Watu walimsifu miaka na miaka kwa kujua la kufanya, na hapo ndipo ninapompenda zaidi, maana hakuikubali sifa ile.

"Kujua nini?" alisema. "Nilikuwa na blanketi mkononi. Ningekuwa na ndoo ya maji ningemwaga maji, na leo mngekuwa mnasoma chini ya mti."

Alichofanya ni kuogopa. Aliogopa vizuri, kwa bidii, na akaufanya woga ule kuwa kazi. Hakuna aliyemwambia apange wapishi. Hakuna aliyempa cheo. Alianza tu kusimama pale kila panapopikwa, blanketi begani, akauliza maswali mpaka maswali yakawa desturi, na wanafunzi walioingia mwaka uliofuata wakadhani yameandikwa kwenye katiba ya chuo.

Nyumbani kwake hakupika kabisa. Alikaa na huyo mdogo wake kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, na mdogo mtu alimpiga marufuku jikoni. "Dada akikaa nami jikoni," alituambia tulipokwenda kuwasalimia, "nakaanga yai kama niko mahakamani. Ananiuliza, hilo yai umelikabidhi kwa nani? Nimwambie nini mimi, nimelikabidhi kwa tumbo?" Shangazi alikuwa kwenye mkeka, anacheka mpaka anashika mbavu, lakini macho yake yalikuwa kwenye swichi ya jiko.

Jiko la ukumbini lenyewe, kusema kweli, halikuwa jiko. Kilikuwa kijichumba kando ya jukwaa, kilichojengwa ili waigizaji wabadilishie nguo. Kilikuwa na mlango mmoja na kidirisha kimoja juu, cha ukubwa wa sinia. Ndani zilipangwa meza za zege, majiko ya gesi sita, na mitungi ya gesi ikawekwa chini yake, humohumo. Kati ya kijichumba na watu lilining'inia lile pazia zito lililopona. Kulikuwa na kengele ya moshi darini, ambayo ililia kila wali ulipofunuliwa, mpaka Shangazi akapanda kiti, akaivika mfuko wa plastiki na kuufunga kwa mpira. "Anayelia hovyo," alisema, "siku ya msiba nani atamsikiliza?"

Na pale ndani tulikuwa na raha. Sijui niseme vipi kwa watu wa siku hizi wanaoletewa chakula kwenye maboksi. Chama chochote kikiwa na sherehe, wa uhandisi, wa kilimo, wa ualimu, asubuhi ile ukumbi ulinuka vitunguu. Watu ambao darasani hawakusalimiana walisimama bega kwa bega, jasho linawatoka, kila mmoja amefungwa kwenye sufuria yake kama mbuzi kwenye kigingi, hana simu, hana pa kwenda. Ufanye nini basi? Unaongea na aliye jirani. Palizaliwa urafiki pale, palizaliwa ugomvi, na kuna binti wa wali na kijana wa maharage waliooana kweli, kwa vyeti na picha. Kijana alimposa kwa maneno matatu: "Maharage yangu yameiva." Sikumbuki mhadhara hata mmoja wa miaka ile, lakini harufu ya vitunguu vile ninayo puani hadi leo.

Kamati ya Usalama ya chuo, kwa upande wake, ilikutana ukumbini humohumo kujadili hatari za moto, ikachomeka birika tatu za umeme kwenye waya mmoja wa kuongezea, umeme ukakatika jengo zima. Walimalizia kikao gizani. Shangazi aliwapelekea chai. Hakusema neno, na ninaamini hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya.

Kisha akaja meneja mpya wa majengo.

Tulimwita Bwana Viatu, kwa sababu viatu vyake vilikuwa safi hata msimu wa matope, na hatujui hadi leo alifanyaje. Tulitaka sana awe mjinga. Ingetupa raha. Alikuwa kijana mpole, mwenye kusalimia, na siku ya kwanza aliyoingia kwenye kijichumba chetu alisimama katikati, akageuka polepole, akatazama mlango, kidirisha, mitungi, pazia, na mfuko wa plastiki darini.

"Mama," alisema, "hapa moto ukishikia upande wa mlango, watu watatokea wapi?"

"Mimi si mama yako," Shangazi akajibu. "Ungekuwa mwanangu ungekuja umekula. Niite Shangazi kama wenzako. Na moto hautashika."

"Ukishika, Shangazi."

"Hautashika. Una wenyewe hapa. Kila sufuria ina mtu wake."

"Watu wanasahau."

"Wako wanasahau. Wangu wameoa."

Wapishi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Meneja naye alitabasamu, lakini hakutoka. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto aachie kisu, kwamba anataka kupikia kuhamishwe. Kujengwe banda uani, lenye paa na lisilo na kuta, mitungi ya gesi ikae nje ya banda kwenye kizimba chake, na chakula kiingie ukumbini kikiwa kimeiva. Mpaka banda lijengwe, chakula kitoke mjini.

Shangazi alilipokea lile banda kama tusi. "Uani," alisema, "ndiko wanakofungwa mbuzi."

Walivutana muhula mzima. Shangazi alikwenda ofisini kwa meneja, meneja akaja ukumbini kwake, chai ikanyweka nyingi. Tuliomjua Shangazi tuliona kuwa si jiko tu anapigania. Mwanamke yule hakuwa na mume wala mtoto, na kwao walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake. Kijichumba kile kilikuwa kimemjaza watoto. Watu wenye vitambi, wakurugenzi, walipita chuoni na kuulizia kwanza "yule Shangazi wa sufuria" kabla ya kuulizia mkuu wa chuo. Watu wakipikia uani, chini ya bati, nani angemkumbuka?

Mwishowe meneja akakubali jambo moja. Wanafunzi wa ualimu walikuwa na sherehe ya kuagana. Wapike humo ndani, yeye awepo tangu vitunguu hadi kunawa mikono, aone hiyo desturi inavyofanya kazi. Ikienda salama, jiko libaki na atatafuta namna ya kutoboa mlango wa pili. Isipokwenda salama, lifungwe.

"Hiyo ni haki," Shangazi alisema. Kisha, alipotoka, akatuambia sisi, "Nitamwonyesha kijana yule. Atakula mpaka alegeze mkanda."

Siku yenyewe mimi nilipangwa upande wa viti, kazi ya wale wasioaminika na moto. Kwa hiyo mengine nitakayosema niliyaona kupitia mwanya wa pazia, na mengine niliambiwa na wachumba wenyewe, ambao waliyasimulia mara nyingi mno kwa watu waliotaka kusahau.

Shangazi alifika amevaa gauni jipya. Aliwapanga, akawauliza, akachukua mahari. Meneja alikuwa mlangoni, mikono nyuma, na ninadhani alianza kupendezwa, maana kwenye "akipita yule unayemkodolea macho" alicheka kwa sauti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akafika kwa binti wa viazi.

Binti wa viazi alikuwa amevalia sherehe tayari. Gauni la nailoni, mikono mipana kama mabawa ya bata, linaburuza chini.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia, "hilo ukiliweka karibu na mafuta ya moto, tutakuaga wewe badala ya wahitimu. Nenda kwenye saladi."

Binti alikwenda, na viazi vikabaki wajane. Kila mtu mwingine alikuwa na sufuria yake. Mwenyekiti wa sherehe akaanza kuhesabu wageni kwa macho, meneja anatazama, mafuta yako kwenye karai yanasubiri. Na Shangazi, ambaye miaka yote ile hakuwahi kushika sufuria ukumbini, kwa sababu kinyozi hajinyoi na mfungishaji ndoa haoi katikati ya harusi, akasema, "Nipeni mimi."

Hakuna aliyemwuliza maswali. Nani angethubutu kumwuliza? Hakuna aliyemwomba mahari. Aliwasha jiko, akasimama mbele ya karai lake, blanketi begani, mwiko mkononi, na mapishi yakaanza.

Muda ulipita. Muziki ukawashwa upande wa pili wa pazia, kwa sauti kubwa, maana vijana wa muziki hawajui kupima spika ila kwa kupasua masikio. Mafuta yalikuwa bado hayajapata moto wa kutia viazi. Ndipo wakatokea mlangoni wale wawili wangu, binti wa wali na kijana wa maharage, sasa baba na mama, na katikati yao katoto kanakotembea kwa kuyumba kama mlevi.

"Shangazi," mama mtu akasema, "tumemleta mjukuu wa sufuria yako."

Niliuona uso wa Shangazi wakati ule, kupitia mwanya. Siwezi kuuelezea bila kuharibu. Aliweka mwiko chini, akaenda mlangoni, akamnyanyua mtoto, na kwa kuwa mle ndani palikuwa na moshi na joto lisilofaa mtoto, na yeye ni mtu wa usalama, akatoka naye nje kwenye hewa safi ili amwone vizuri. Alijali usalama wa mtoto hivyo hivyo mpaka akavuka ua mzima.

Karai likabaki peke yake.

Sasa fikiria wale wachumba watano. Waliona wote. Mafuta yalianza kutoa moshi mwembamba, wa bluu, na kila mmoja akaangalia karai, halafu akaangalia sufuria yake. Kuligusa hawakuweza: halikuwa lao, na mwenyewe hakuwaachia. Kwenda kumwita hawakuweza pia, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kuapa kutoiacha yake, na jirani wa kumwachia naye ana yake. Waliita, "Shangazi, Shangazi," nao muziki ukawameza. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwahi kutuona sisi.

Binti wa mchuzi ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Alinieleza baadaye, "Mkono wangu ulifika nusu ya njia ukarudi wenyewe. Nilijiona kama mtu anayetaka kumshika mkwe wake kiunoni."

Kisha mafuta yakawaka.

Hayakulipuka kama kwenye sinema. Yalifanya tu sauti kama mtu anayevuta pumzi, na ulimi wa moto ukasimama juu ya karai, ukapanda, ukalamba dari mahali pale pale penye kengele iliyovikwa mfuko. Mfuko ukayeyuka. Kengele ikalia, kwa kuchelewa, kama ndugu wa mbali msibani.

Meneja alikuwa upande wa jukwaa, anapima kwa jicho mahali pa kutoboa mlango wa pili. Aliingia mbio. Alipitisha mkono chini ya moto, akazima jiko, akafunga na mtungi, akanyakua kifuniko kikubwa cha sufuria ya jirani.

"Samahani," mchumba wa wali akamwambia, "hicho ni cha wali."

Hakumjibu. Alikitelezesha juu ya karai polepole kutoka upande wake, akakikandamiza kwa mwiko, akasimama hapo hapo, asikifunue. Moto ulipapatika pembeni kidogo, ukafa. Dari ilibaki na duara jeusi. Mkono wa shati lake ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko, na ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, ila si vibaya. Viatu vyake vilikuwa vimejaa mafuta.

Muziki ukazimwa. Shangazi akatokea mlangoni, mtoto bado kiunoni.

"Nani alikuwa na karai hili?" meneja akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

Wachumba wakaangalia chini, kila mmoja kwenye sufuria yake.

"Mimi," Shangazi akasema.

Meneja akawageukia wale watano. "Na nyie mlikuwa mnaangalia nini?"

"Tulikuwa tunaangalia za kwetu," akajibu wa mchuzi.

"Mlikuwa mmeliona?"

"Tumeliona tangu lilipoanza kutoa moshi."

"Kuzima swichi tu. Kuzungusha mkono hivi."

"Halikuwa letu," binti akasema, na sauti yake ikaanza kuvunjika. "Hakutuachia."

Shangazi alimrudisha mtoto kwa mama yake. Alikaa kwenye kile kiti chenye beseni la mahari chini yake, akakaa kama gunia lililoachiwa. Angepigwa kofi asingekaa vile. Mtu akiasi unamgombeza. Hawa walikuwa wamemtii kwa kila neno, wakasimama wima mbele ya moto kama askari wa sanamu, na angekuta pazia limeshika angewakuta wamesimama hivyo hivyo, kila mmoja na ndoa yake.

Sherehe iliendelea, kwa sababu njaa ya wanafunzi haijui msiba. Watu walikula wali na mchuzi, viazi havikuwepo, na hotuba zilikuwa ndefu kama ilivyo ada. Baada ya watu kutawanyika meneja alirudi kijichumbani, mkono umefungwa kitambaa, akamkuta Shangazi anasugua meza.

"Shangazi," alisema, "karai limepata moto kidogo, likafunikwa, hakuna aliyeumia. Nikisema hivyo tu, nani ataniuliza zaidi?"

Nilikuwa nakunja viti upande wa pili wa pazia, na naapa niliacha kukunja.

"Mimi nitakuuliza," Shangazi akasema.

"Najua jiko hili ni nini kwako."

"Hujui. Ungejua usingenijaribu." Alisugua mahali pasipo na uchafu. "Kengele niliivika mfuko mimi. Habari ya mlango uliniambia, nikakucheka. Na watoto hawa, nimewafundisha kulinda, sikuwafundisha kuokoa. Funga."

"Shangazi."

"Funga, kabla sijabadili mawazo. Mimi ni mtu mzima, nina aibu, na aibu yangu haikai muda mrefu."

Waliifungua mitungi wenyewe, wao wawili. Kila mtungi waliubeba kwa kushika huku na huku, meneja kwa mkono wake mzima, na kutoka nao uani, na njia nzima Shangazi alimwelekeza jinsi ya kuinama asiumize mgongo.

Muhula ule tulikula maboksi. Chakula kilifika vuguvugu, kila mtu na kaboksi kake, na watu walikula wanatazama simu, maana hakuna aliyewatoza mahari. Ukumbi ulinuka karatasi. Wanafunzi wa uhandisi walifanya sherehe yao kwa dakika chache wakaenda kulala. Kama kuna kipindi chuo kile kilifanana na chuo, basi ni hicho, na nilikichukia.

Banda lilikuja kujengwa. Nasikia Shangazi aligombana na meneja juu ya kila nguzo: upepo unatoka wapi, mitungi ikae upande gani, kwa nini mwashi ameweka ngazi mahali ambapo mtu mwenye sufuria ya moto atajikwaa. Liliisha likiwa na paa la bati, pande zote wazi, meza za zege sita. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuachana na chuo kabla chuo hakijaachana nami, ila tumbo langu lilikuwa bado limesajiliwa, na siku ya mapishi ya kwanza nilikuwepo.

Walikuwa wanafunzi wapya, hawamjui. Aliwapanga, akawauliza yale maswali, akachukua simu. Kila kitu kilikuwa kama zamani, nami nikaona raha iliyochanganyika na kitu kingine, kwa sababu gauni lilikuwa lilelile na mwenye gauni alikuwa amepungua.

Kisha akaweka sufuria ya maji kwenye jiko la sita, maji matupu, akawasha moto mkubwa. "Hii ni yangu," alitangaza. "Mmesikia? Yangu mimi." Akaondoka. Alikuja kukaa kando yangu kwenye ngazi za ukumbi, akawapa mgongo, na kuanza kunizungumzisha habari za mdogo wake na jino linalomsumbua.

Maji yalichemka. Kifuniko kikaanza kucheza. Nilitaka kumwambia, akanikanyaga mguu bila kugeuka. Kule bandani wapishi wakaangaliana. Maji yakamwagika pembeni, yakapiga kelele kwenye moto, mvuke ukajaa chini ya bati, na bado hakuna aliyesogea. Shangazi aliendelea kuniambia kuhusu jino, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika ncha ya gauni na kuikunja na kuikunja tena, na sauti ilikuwa inapungua.

Ndipo nikasikia nyayo, halafu mlio mdogo wa swichi. Kelele ya maji ikashuka.

"Nani huyo?" Shangazi akauliza, bado ametupa macho mbele.

Kisha sauti ya msichana, imejaa hofu. "Ni mimi, Shangazi. Nimeacha vitunguu vyangu mara moja, nimevizima kwanza. Najua hii ni yako. Nisamehe, niliona maji yanamwagika."

Shangazi alifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayefuta meza.

"Mpeni sahani," alisema. "Leo huyo ndiye anayeanza kula."